Tetea mweusi aliyeuzwa kwa jina la Australorp: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika mtaa wa pembezoni mwa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina ya watu, ya mtaa na ya mnada nimeyaacha. Mwenye kuku amekubali kisimuliwe, na ameomba jambo moja tu: kosa langu nalo liandikwe.

Usuli

Mwenye kuku ni mwalimu mstaafu. Hapa nitamwita Mama Mwalimu. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mabanzi na wavu, na wakati huo lilikuwa na matetea watatu na jogoo mmoja. Tetea wa kwanza alikuwa mweusi. Wa pili alikuwa kishingo mwekundu, yaani wa aina isiyo na manyoya shingoni, na wa tatu mdogo mwenye madoa kama ya kanga. Jogoo naye alikuwa kishingo. Asubuhi walipewa pumba na mabaki ya jikoni, mchana walichakura chini ya mipapai, jioni walifungiwa.

Yule mweusi alinunuliwa mnadani mwezi Novemba, akiwa bado hajaanza kutaga. Mchuuzi alisema ni Australorp safi na akadai bei karibu mara mbili ya tetea wa kienyeji. Mama Mwalimu alilipa bila kubishana sana, kwa kuwa jina hilo alishalisikia.

Ni jina lenye sifa yake kweli. Australorp walitengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi waliotoka Uingereza, na msimu wa 1922–1923 matetea sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mizunguko mitatu au minne kwa mwaka, kila mzunguko mayai 10 hadi 15, kisha analalia. Mtu akiambiwa kuku wake ni wa aina ile na si wa aina hii, hesabu zake zote zinabadilika: chakula atakachonunua, mayai atakayouza, bei atakayotaja kwa kifaranga.

Mimi ni afisa mifugo wa kata. Nilikuwa nafika kwake kila msimu wa chanjo ya kideri.

Mambo yalivyokwenda

Desemba alinitumia picha kwa simu. Tetea amesimama juani, manyoya meusi yanang'aa kijani kama mgongo wa dundu wa samadi, kilemba kimoja kilichosimama, ndevu nyekundu, miguu ya kijivu. Niliitazama nikiwa kwenye bodaboda, nikajibu: "Shikamoo mama. Huyu anaelekea kuwa Australorp."

Neno "anaelekea" lilipotelea njiani. Majirani waliambiwa kwamba dokta amethibitisha. Katikati ya Januari wawili kati yao walikuwa wameshatanguliza nusu ya fedha, kila mmoja akiagiza vifaranga kumi vya Australorp.

Mwisho wa Januari nilipokwenda kuchanja, Mama Mwalimu alinionyesha kapu la mayai. Kulikuwa na mayai ya rangi mbili: mengine kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, mengine meupe yenye umaziwa. Alikuwa ameshayagawa kichwani: ya kahawia ni ya mweusi, kwa kuwa Australorp hutaga kahawia, na meupe ni ya wale wawili wa kienyeji. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mweusi akitoka kwenye kiota na kuliacha yai la kahawia. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, wote wanatagia kiota kimoja na kila mmoja hupiga kelele kwa zamu yake.

Tulianza kwa kumtenga mweusi ndani ya tenga, tukampa maji na chakula. Siku ya kwanza hakutaga. Ya pili pia hakutaga. Kuku aliyehamishwa ghafla huweza kuzuia yai, na jambo hilo nilipaswa kulikumbuka kabla ya kumfungia. Tukamrudisha bandani. Jioni, kuku wakiwa wamepanda kulala, nilikoroga rangi nyekundu ya chakula na mafuta mazito ya kujipaka, nikampaka kidogo kuzunguka tundu la kutagia.

Asubuhi ya pili Mama Mwalimu alinipigia simu. Yai la mweusi lilikuwa na mchirizi mwekundu upande mmoja, kama wino uliokwaruzwa na kidole. Lilikuwa lile jeupe lenye umaziwa, na kwenye mizani yangu ndogo lilikuwa na gramu 44. Tulirudia kupaka mara mbili katika wiki iliyofuata na jibu halikubadilika. Mayai ya kahawia yalikuwa ya kishingo.

Hapo ndipo nilipomshika tetea mkononi kwa mara ya kwanza. Ndiyo, mara ya kwanza, miezi miwili baada ya kumpa jina.

Alikuwa na kilo 1.7. Tetea wa Australorp wa umri ule, kwa vipimo vya waonyeshaji, anakaribia kilo 2.5. Nikayafungua manyoya ya shingo kwa vidole: chini ya weusi kulikuwa na manyoya machache yenye kingo za rangi ya dhahabu, ambayo kamera haikuyaona. Ndewe, yaani vinyama vya masikioni, zilikuwa nyekundu zenye kidoa cheupe katikati. Kisha nikamgeuza miguu juu. Juu miguu ilikuwa ya kijivu kilichoingia ukijani, lakini nyayo zilikuwa njano kabisa, njano ya embe lililoanza kuiva. Mama Mwalimu aliziona wakati mmoja nami.

"Sasa nyayo zina nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba Australorp ana ngozi nyeupe, na nyayo zake huwa nyeupe hata kama miguu kwa juu ni myeusi.

"Lakini ulisema mwenyewe ni Australorp."

"Nilisema, mama. Nilikosea. Sikupaswa kusema kitu kwa picha ile."

Tuliamua nini, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha maagizo siku ileile. Mama Mwalimu alitaka tusubiri kidogo, labda kuku ni nusu Australorp, na nusu nayo ina bei. Wazo hilo halikuwa la ovyo, kwa hiyo nililipima mbele yake.

Unjano wa ngozi ya kuku hurithiwa kwa namna ambayo mtoto lazima aupate kutoka pande zote mbili. Ngozi nyeupe ikitoka kwa mzazi mmoja tu, inaufunika. Australorp safi hana cha kumpa mtoto ila ngozi nyeupe. Basi binti wa Australorp safi, hata kama baba yake ni jogoo wa kienyeji mwenye miguu ya njano namna gani, atakuwa na nyayo nyeupe. Tetea huyu alikuwa na nyayo za njano, kwa hiyo Australorp safi hakuwa baba yake wala mama yake. Kama damu hiyo imo, inaanzia kwa bibi au babu, na hilo hakuna awezaye kuliuza kwa jina.

Uamuzi wa pili ulikuwa wake. Alisema anaamini maelezo, ila fedha za watu hazirudishwi kwa nyayo peke yake, anataka kuona. Tukakubaliana kumwachia tetea mayai yake. Alikuwa ameanza kukaa kiotani muda mrefu, dalili za kutaka kulalia. Tulichukua mayai 11 tu, yote ya umbo na rangi ile tuliyoithibitisha kwa mchirizi, kila moja nikaliandika kwa penseli. Mayai ya yule tetea wa madoa, ambayo nayo yalikuwa meupe, tuliyatofautisha kwa kuwa yalikuwa madogo na ya mviringo zaidi. Palipokuwa na shaka, yai lilikwenda jikoni.

Sababu ya kuyaangua ilikuwa hii. Weusi uliotanda mwili mzima kama wa Australorp una nguvu juu ya rangi ya asili ya kuku. Tetea safi wa aina hiyo hutoa kila kifaranga nakala moja ya weusi huo, na nakala moja inatosha kukifanya kianguliwe na manyoya meusi, mara nyingi yenye weupe tumboni na kidevuni. Hatoi kifaranga cha kahawia chenye mistari mgongoni. Baba hatukuwa na hakika naye, maana majogoo wa majirani huruka uzio na tetea huweza kuhifadhi mbegu ya jogoo kwa wiki mbili au zaidi. Kwa kipimo hiki baba hakuhitajika. Aliyekuwa akipimwa ni mama.

Matokeo

Siku ya 21 walianguliwa wanane kati ya 11. Watano weusi. Watatu wa kahawia, wenye mistari miwili iliyokoza mgongoni kama vifaranga vya kwale. Watatu kati ya wote wanane walikuwa vishingo, jambo lililotuelekeza kwa jogoo wa mle mle bandani.

Mama Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa wale majirani wawili, vifaranga wakiwa ndani ya boksi. Mmoja alirudishiwa fedha zake. Wa pili aliwatazama, akasema yeye hana shida na jina, anachotaka ni kuku wasiokufa ovyo, akachukua wanne kwa bei ya kawaida ya chotara. Mchuuzi hatukumwona tena pale mnadani. Siwezi kusema alidanganya. Yawezekana naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Yaliyofaa na yaliyokosewa

Nianze na ganda la yai, kwa sababu ndilo wengi wanalolitegemea na ndilo lililotusaidia kidogo kuliko yote.

Kila ganda la kuku huanza jeupe. Rangi ya kahawia hupakwa juu yake saa za mwisho yai likiwa bado ndani ya sehemu ya mrija inayotengeneza ganda. Vunja yai la kahawia, osha ganda, utazame ndani: ni jeupe. Bluu ni habari nyingine. Ile ya kuku wenye asili ya Chile wanaoitwa Araucana huingia kwenye ganda lote, nje na ndani, na bluu ikipakwa kahawia juu yake unapata kijani. Kwa hiyo ganda la bluu linakuambia jambo zito kuhusu damu ya kuku. Ganda la kahawia au la umaziwa halikuambii mengi, kwa kuwa aina nyingi mno zinataga hivyo: Rhode Island Red, Sasso, Kuroiler, na kundi kubwa la kuku wetu wa vijijini.

Isitoshe, kahawia yenyewe haitulii. Hupauka kadiri tetea anavyoendelea kutaga, hupauka kwa hofu, kwa joto, na kwa magonjwa ya njia ya hewa. Rangi ya yai jeupe lenye umaziwa iliniongezea shaka, maana tetea anapoanza tu kutaga ndipo kahawia yake hukolea zaidi. Lakini kama ningekuwa na ganda peke yake, nisingethubutu kumwambia mtu arudishe fedha.

Wala kiini hakisemi aina. Majirani walikuwa wakisema kiini cha mayai yale ni cha njano sana, "kama cha kienyeji hasa". Unjano wa kiini hutoka kwenye majani na mahindi ya njano. Mfungie kuku yeyote ndani umpe pumba nyeupe, kiini kitapauka.

Kosa la kugawa mayai kwa kudhani ni la kawaida sana, na lina tabia mbaya ya kujithibitisha lenyewe. Mama Mwalimu aliamini kuku ni Australorp, kwa hiyo akampa mayai ya kahawia. Kisha mayai ya kahawia yakawa ushahidi kwamba ni Australorp. Yote hayo yalianzia kwenye jibu langu. Mchirizi mmoja wa rangi ya chakula, usiofikia shilingi mia moja, ndio uliokata mzunguko huo. Naupendekeza kwa kila mwenye kiota cha pamoja, na uanze nao kabla ya kumtenga kuku. Kumtenga kulitupotezea siku mbili na kumtia tetea hofu bure.

Ndewe nazo nizitaje, kwa sababu huulizwa mara nyingi. Watu husema ndewe nyeupe ni yai jeupe, ndewe nyekundu ni yai la kahawia. Kwa Leghorn na Rhode Island Red ni kweli. Lakini Dorking wa Uingereza ana ndewe nyekundu na yai lililopauka karibu kuwa jeupe, Penedesenca wa Hispania ana ndewe nyeupe na yai la kahawia iliyokoza sana, na tetea wetu alikuwa na ndewe nyekundu zenye kidoa na yai la umaziwa. Kwa kuku waliochanganyika kanuni hiyo inaachana, kwa kuwa rangi ya ndewe na rangi ya ganda hurithiwa kila moja kwa njia yake.

Kilichofanya kazi kweli ni nyayo, na hapa kuna jambo la wakati ambalo nusura tulikose. Tetea anayetaga huutumia unjano wa mwili wake kwenye viini. Huanza kupauka kwenye tundu la kutagia, kisha kuzunguka jicho, ndewe, mdomo, nyayo, na mwisho kabisa miguu. Tulimgeuza akiwa na wiki chache tu za utagaji. Kama ningesubiri hadi Juni, akiwa ametaga mayai mengi, nyayo zingeweza kuwa zimepauka, nami ningeziona nyeupe na kusema: naam, Australorp. Kosa langu la Desemba lingepata muhuri wa pili. Nyayo za njano zinakataa Australorp moja kwa moja. Nyayo nyeupe hazimthibitishi, kwa kuwa kuku wengi wa kienyeji wanazo, na hata mwenye asili ya njano anaweza kuonekana hana akikosa majani au akitaga sana.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nilikuwa nimelipindua jambo hilo. Nilipoiona ile picha nilihesabu alama zilizokubali: weusi, mng'ao wa kijani, kilemba kimoja, miguu ya kijivu. Zilikuwa nne, nikaona zinatosha. Sikutafuta hata moja ambayo ingekataa. Alama za kukubali huwa nyingi kwa sababu kuku weusi ni wengi. Tangu Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa waingie kwa wafugaji, na wote wawili walijaribiwa Tanzania katika mradi mkubwa ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, watoto na wajukuu wao wamechanganyika na kuku wa mitaani mpaka rangi na umbo vinatokea kila namna. Mweusi mwenye mng'ao anaweza kutoka popote.

Uzito ulikuwa ushahidi dhaifu. Kilo 1.7 ni ndogo, lakini kuku aliyekulia pumba na mabaki anaweza kuwa mdogo hata kama damu yake ni kubwa. Niliuandika, sikuutegemea. Manyoya ya dhahabu shingoni yalikuwa na uzito zaidi, maana huonekana mara nyingi pale weusi unapokuwa wa nakala moja, yaani uliotoka kwa mzazi mmoja tu, na vifaranga wa mistari walikuja kulithibitisha hilo.

Kuhusu kuangua, nilisita mwanzoni. Niliona nyayo zinatosha na kwamba kusubiri siku 21 ni kuchelewesha fedha za watu. Mama Mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi. Maelezo ya kurithi unjano yalimridhisha yeye kwa kuwa ni mwalimu, lakini jirani asingeelewa maneno yale langoni. Kifaranga cha mistari ndani ya boksi kilieleweka bila maneno.

Jambo ambalo hatukulifanya, nami nalijutia, ni kurudi mnadani mapema wakati mchuuzi bado anapatikana, kumuuliza kuku walikotoka na kama dada zake walikuwapo. Tetea mmoja ni vigumu kumtambua. Dada zake sita wakisimama pamoja, wote weusi, wote nyayo nyeupe, wote uzito mmoja, hapo neno "aina" linaanza kuwa na maana. Wakiwa kila mmoja na sura yake, jibu umeshalipata.

Swali "sasa ni kuku gani?" Mama Mwalimu aliniuliza, nami nikamjibu kwamba ni chotara wa vizazi kadhaa na jina sina la kumpa. Hakulipenda jibu hilo. Wiki mbili baadaye nilimkuta ameanza daftari la mistari, la wanafunzi, kila tetea na ukurasa wake. Ukurasa wa mweusi ulisomeka hivi, kwa mwandiko wa ubaoni: *Mayai ya umaziwa, gr 44–46. Alitaga 16 kisha akalalia. Aliangua 8. Mmoja alichukuliwa na mwewe. Waliobaki wote wazima, anawatetea hata kwa mbwa.* Chini yake aliacha mistari mitupu kwa ajili ya mzunguko unaofuata.